Jogoo Aliyefundishwa Ukali

Jumatatu nilikuwa nimeketi kwenye benchi la dispensari, hapa Elisabethville, mama mmoja akaingia amebeba mtoto anayevuja damu karibu na jicho. Jogoo wa jirani alikuwa amemrukia uani na kumchana kwa makucha.

Jirani mwenyewe alikuja nyuma yao pamoja na mke wake, akitabasamu kama mtu aliyesifiwa.

"Jogoo yangu iko mwanaume kweli," akatuambia sote. "Lakini mutoto ndiye alimuchokoza."

"Mutoto anaanza tu kutembea!" mama akasema.

Mwanaume akacheka. Hapo mke wake akainama, akapandisha kitenge mpaka magotini. Miguu ilijaa makovu, mengine bado mabichi.

"Na miye, nilimuchokoza lini?" akamwuliza. "Kila asubui unamupiga mateke, barafiki yako bacheke akikurukia. Kisha unaenda kazi, unatuacha naye. Leo nimemuchinja."

Kicheko kikakatika. "Umechinja jogoo yangu?"

Jicho la mtoto hakuliulizia. Mpaka sasa nina hasira naye. Jogoo yule angeachwa bila mateke, akawekwa nyuma ya wavu na majike ya kumtosha, angewika tu kama wengine. Vita alifundishwa.

Mwuguzi alishona jeraha, na jicho limesalimika. Jogoo amelipa kwa shingo yake. Mwalimu wake, majirani wananiambia, jioni ile alikula mapaja yote mawili.