Ziwa la Brycheiniog na Kitendawili cha Bibi

Ipo alasiri moja, mwanangu, tulipokuwa mji wa Ibra kule Omani, ambayo mpaka leo haijanitoka moyoni. Miaka ya sabini ilikuwa inakwisha, tumeshahama Unguja, nami nikifanya kazi ya ukalimani hospitali. Nilimleta nyumbani muuguzi mmoja wa Wales, anywe kahawa na bibi yangu.

Baba alikuwa ameshapiga marufuku Kiswahili nyumbani, ili wadogo zangu wasichekwe skuli. Bibi, aliyezoea kututegea vitendawili kila baada ya Alasiri, akanyamaza. Kiarabu chake kilikuwa cha sala na cha sokoni tu. Lakini mgeni ni mgeni, ilibidi nimfasirie Bibi kwa Kiswahili.

Muuguzi akasimulia ya kwao. Hapo zamani palikuwa na ufalme mdogo milimani, Brycheiniog, umebanwa na wakubwa kila upande. Mfalme wao alijenga kisiwa cha mawe na magogo ndani ya ziwa, akakaa humo akidhani maji yatamlinda. Waingereza wakaja na jeshi, wakakichoma, wakamteka mkewe. Baadaye ufalme ukamezwa.

"Limebaki jina," alisema, "na lugha. Bibi yangu alichapwa skuli kwa kuisema, basi hakumfundisha mama."

Bibi akaweka finjani chini. "Muulize, huyo bibi yake alipokuwa anakata roho, nani alimuelewa?"

"Hakuna," muuguzi akajibu. "Tulikuwapo sote, tukimtazama."

Bibi akawageukia wadogo zangu. "Kitendawili," alisema. Wakatazamana, kisha mdogo wa mwisho akaniuliza kwa Kiarabu bibi anataka nini.

Baba alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Mama, nilitaka wapate maisha."

"Wamepata, walla," Bibi akasema. "Mimi ndiye niliyewakosa."

Marufuku Baba hakuiondoa. Bibi alipofariki maneno yake ya mwisho yalikuwa ya Kiswahili. Chumba kilijaa watu, Baba hakuwapo, nikayaelewa peke yangu, na uchungu ule ninao hadi leo.

Sasa mzee ni mimi. Juzi niliwategea wajukuu zangu, wakatabasamu kwa adabu, wakarudi kwenye televisheni. Sikudanganyi mwanangu, sioni kama lugha yetu itapona. Hata hivyo nakuomba, kaa na mzee wako angali na pumzi, na neno usilolijua muulize. Mtoto wako mbembeleze kwa maneno uliyobembelezewa wewe, hata wakikucheka.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akupe umri na kizazi chema. Na siku sauti yako itakapokuwa imebaki kidogo, ukasema "Kitendawili," akujaalie hata mtu mmoja wa kukujibu, "Tega."