Gogo Lenye Ng'ombe Ndani

Juzi asubuhi nilikuwa kwa mama mmoja muuza kuni hapa Bariadi. Akaja mtumishi wa serikali, mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Akawa anainua gogo moja moja, analigonga kwa kidole na kulisikiliza.

"Baba, kuni nazo unazipigia hodi?" mama akauliza.

Akajibu kwa aibu kwamba jioni huchonga vinyago kujiliwaza, na bei ya magogo ya mbao imemshinda. Akatoa mfukoni ng'ombe mdogo wa mti.

Nikajua sasa kuni zitapanda bei. Mama akamgeuzageuza yule ng'ombe. "Huyu ni yupi?"

"Ni ng'ombe tu, mama."

"Hakuna ng'ombe tu. Chukua gogo kwa bei ya kuni, ila unichongee yule wa mahari yangu. Pembe yake ya kushoto ilishuka mpaka shavuni."

Mgeni akaomba aoneshwe. Mama akaukunja mkono kando ya shavu, akatulia hivyo hata baada ya mgeni kusema ameelewa.

Mimi nikanunua kuni zilizobaki. Jioni ugali ulichelewa nyumbani, maana kila gogo nililigonga kwanza.