Galaksi Juu ya Mtego wa Senene

Picha moja ya galaksi ilinigharimu ndoo tatu za senene, panzi wa kuliwa niliowanyonyoa mabawa na miguu kwa vidole vyangu mwenyewe, na mpaka leo sina uhakika kama galaksi nilipewa. Nikisikia harufu ya senene wakikaangwa kwa mafuta yao wenyewe, hesabu hiyo inarudi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, likizo ya Desemba, kijijini kwetu Kishanda. Baba mdogo alitoka chuoni na kamera ya mkanda. Jioni moja alinionyesha upande wa kaskazini, juu ya migomba, alama hafifu kama pumzi kwenye kioo. Akasema ile ni Andromeda, galaksi nyingine kabisa, yenye nyota nyingi kuliko majani ya kibanja chote, shamba letu la migomba. Mkanda ulikuwa umebakiza picha nne. Tukapatana: nikiinasa Andromeda kwenye karatasi, kamera ni yangu, nikishindwa, anaondoka nayo.

Tatu nilizimaliza kwenye Mwezi, kwa tamaa, na baadaye ulitoka mdogo kama punje ya chumvi. Kwa ile ya nne nilisubiri siku zisizo na mbalamwezi. Tatizo, siku hizohizo ndizo alizozisubiri Ta Felisi, jirani yetu, maana senene hufuata taa vizuri pakiwa na giza. Alikuwa na jenereta, taa kali, na mabati yaliyoinamishwa ili senene wateleze hadi kwenye mapipa. Mbingu yote ilififia.

“Ta Felisi, nizimie taa kidogo.”

“Nizime, na senene ndio hao wanashuka? Utakula nyota?”

“Nitakunyonyolea ndoo moja.”

“Tano.”

“Mbili.”

“Tatu. Na ninahesabu hadi sitini tu.”

Kamera niliilaza juu ya mfuko wa maharage. Taa zikazimika, Andromeda ikajitokeza, nikabana kitufe, maana lenzi hubaki wazi kikiwa kimebanwa, na kuhesabu hadi sitini. Hapo nilipaswa kuachia. Lakini sijawahi kuamini hesabu ya mara moja, kwa hiyo nikaanza upya. Nilifika saba. Taa zikawaka, senene wakamiminika mbele ya lenzi.

“Sitini zimeisha!” akapaza sauti Ta Felisi. “Ndoo zako hizi hapa.”

Mwenye studio kule Bukoba hakutaka hata kuichapa. Alisema haina mtu. Nilimng'ang'ania mpaka akachoka. Ilitoka na ukungu wa taa, nyota zimejivuta kidogo, na doa refu hafifu palepale Andromeda ilipopaswa kuwa. Baba mdogo akaiinua dirishani.

“Huyu ni senene, mwanangu.”

“Mbona hana miguu?”

“Si uliwanyonyoa?”

Akaondoka na kamera yake.

Leo simu yangu inapiga Mwezi mpaka mashimo yake yanaonekana, bila ndoo hata moja. Ila nikirudi Kishanda msimu wa senene, Andromeda siioni hata kwa macho. Mwaka huu nilihesabu mitego kumi na mmoja. Nikarudia, kumi na mmoja. Zamani nilikuwa na mtu mmoja tu wa kupatana naye.

Baba mdogo ana mvi sasa. Kamera iko kabatini kwake, na anasema mapatano yetu hayajafutwa. Picha ninayo. Wewe unayejua kutofautisha galaksi na senene, nishauri: nimwonyeshe nini kwenye doa lile ili anipe kamera yangu?