Kamera ya Chuma Pembeni mwa Ulingo

Sisi tuliokuwa tukienda kutazama ndondi Jumamosi tulimjua kwa jina la Dada Giza. Jina hilo lilitokana na kwamba hakutumia flashi hata siku moja, na kwamba siku za kazi alijifungia kwenye kijichumba nyuma ya studio yake akisafisha filamu, akatoka humo macho yamekunjamana kama mtu aliyeamshwa kwa kofi. Kazi yake ya kila siku ilikuwa picha ndogo za vitambulisho: kaa wima, funga mdomo, inua kidevu kidogo, asante. Jumamosi alasiri alifunga studio, akaja kusimama pembeni mwa ulingo, viwiko juu ya ubao, kichwa chini ya kamba ya chini kabisa, pale ambapo jasho na damu za mabondia zilimrukia usoni.

Wapiga picha vijana walikaa hatua mbili nyuma yake na kamera zao za dijitali, wakipiga picha mia kabla raundi haijaisha. Yeye alikuwa na picha thelathini na sita, basi.

"Dada, hiyo kamera si ungeipeleka makumbusho?" mmoja alimtania.

"Yako ikidondoka unamwita fundi kamera," alijibu bila kugeuka. "Yangu ikidondoka unamwita fundi sakafu."

Ilikuwa ya chuma kitupu. Rangi nyeusi ilikuwa imechubuka kwenye pembe hadi shaba ikachungulia, na ngozi yake ilikuwa imelainika mahali pale pale vidole vya watu wawili vilipoishika kwa miaka mingi. Haikujua betri. Ukivuta kijiti cha kusogeza filamu kilikujibu kwa mkwaruzo laini, na ukibonyeza, ililia "kra!", mlio mfupi na mzito. Dada Giza alisema ule ni mlio wa konde lililofika. Alisema pia kwamba kamera ile ilimfundisha kusubiri. Hukimbizi konde, unalingoja. Hutazami mkono, unatazama bega. Bega likishuka, bonyeza.

Wa kwanza kuishika alikuwa mjomba wake, mpiga picha wa gazeti. Wafanyakazi wa kiwanda cha nguo walipogoma, askari walimkuta mjomba huyo getini akipiga picha watu wakiburutwa kwa nywele. Wakamwambia aitoe kamera. Akailalia. Walimpiga mateke ya mbavu hadi wakachoka, wakamng'oa meno ya mbele kwa kitako cha bunduki, na alipobebwa bado alikuwa ameikumbatia tumboni. Hakupona sawasawa. Siku za mwisho alimwita mpwa wake, akamwekea kamera mapajani.

"Usimwachie mtu," alimwambia kwa ufizi. "Hata wakuue."

Dada Giza alilichukua neno hilo kama lilivyo. Wakati mmoja kibaka alimkata mkanda wa kamera begani kwa wembe, sokoni, mchana kweupe. Hakupiga kelele. Alimkamata shati, wakaanguka wote wawili kwenye matope mbele ya wauza nyanya, wembe ukamchana mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo, naye akamng'ata yule mtu sikio mpaka akaachia. Alifika hospitali kamera ipo shingoni. Nesi aliyekuwa akimshona alimuuliza, "Na huyo mwenzako hali yake ikoje?"

"Anasikia vibaya," alisema Dada Giza.

Hadithi hiyo tuliicheka miaka na miaka. Tuliona ni ushujaa mtupu.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, tumbo moja, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Ukumbini tulimwita Kiroboto, kwa sababu ukimtafuta hapa yuko pale. Dada Giza alikuwa na picha zake tangu alipovaa glovu za kwanza zilizomfika karibu na viwiko. Kila pambano la mdogo wake alilipiga kwa kamera ile, na hakuwahi kufumba macho, hata siku pua ya Kiroboto ilipolala upande kama mlango uliotoka bawaba.

Ndipo Kiroboto akapangiwa kupambana na Tingatinga.

Tingatinga alikuwa mtu wa klabu ya ng'ambo ya mji, shingo na kichwa sawa kwa upana. Watu wake walivaa jaketi nyekundu na walikuja na maneno yao. Wiki nzima kabla ya pambano kulikuwa na mapigano madogo madogo mitaani. Kijana mmoja wa klabu yetu alichomwa kisu cha paja nje ya kinyozi, na aliyemchoma, walisema mashahidi, alivaa jaketi jekundu. Kwa hiyo siku ya pambano ukumbi ulinuka ugomvi kabla hata kengele haijapigwa.

Kwenye kona ya Tingatinga alikaa mzee wa makamo aliyeitwa Pamba, fundi viatu, ambaye Jumamosi alikuwa mtu wa kutibu majeraha wa klabu yao. Siku zote alikuwa na vipande vya pamba vimebanwa nyuma ya masikio na mkasi mrefu umening'inia kiunoni, wa kukatia plasta na kamba za glovu. Naye alivaa jaketi jekundu, maana ndiyo klabu yake.

Raundi tatu Kiroboto alimchezea yule mtu mkubwa kama anavyotaka. Raundi ya nne alichelewa kuinama, mara moja tu. Konde lilimshika juu ya sikio, magoti yakaregea. Kengele ikalia. Refa akainua mkono. Tingatinga, ama hakusikia ama hakutaka kusikia, akampiga ngumi mbili nyingine, ya kulia na ya kushoto, za mtu anayevunja ukuta.

Dada Giza alizipiga zote mbili. Kra. Kra.

Kiroboto alianguka chali, kisogo kikagonga mbao kwa sauti iliyofika mlangoni.

Kilichofuata kilikuwa haraka. Kiti cha kwanza kiliruka kutoka upande wetu, kikamshika refa kichwani, akalala. Kocha wa Kiroboto alitaka kupanda ulingoni, wakamvuta miguu, wakamshusha, wakaanza kumkanyaga. Chupa zilivunjika. Mtu niliyekuwa nimekaa naye nikila naye karanga alivua mkanda wake wenye chuma na kwenda kumtafuta mtu yeyote wa jaketi jekundu. Tuliokuwa viti vya juu tuliona yote, na wachache sana kati yetu walibaki watazamaji.

Na Kiroboto palepale chini, peke yake, akipiga visigino mbao. Kinga ya meno ilikuwa imemteleza ikaziba koo. Mikono yake ilikuwa ndani ya glovu, haiwezi kutoa kitu. Uso ulishaanza kugeuka rangi.

Pamba aliona. Aliruka kamba, mkasi mkononi, akapiga magoti juu ya yule kijana na kumshika taya.

Dada Giza alikuwa anapanda kutoka upande wa pili. Aliloliona yeye ni jaketi jekundu, chuma kinachong'aa, na koo la mdogo wake. Alizungusha mkanda wa kamera kwenye kifundo cha mkono, mara moja, mara ya pili, akarusha kwa nguvu zake zote.

Sikuwahi kusikia mlio ule tena, wala sitaki. Kamera ilimpata Pamba kwenye nyusi na jicho. Kifuniko cha nyuma kilifunguka, filamu ikamwagika juu ya mbao kama utumbo. Pamba aliangukia ubavu. Dada Giza akavuta mkono ampige tena.

"Mtoto anakufa, mpumbavu wewe!" Pamba alipiga ukelele. "Anakufa!"

Akatambaa. Nusu ya uso wake ilikuwa damu tupu. Alimrudia Kiroboto, akatumbukiza vidole viwili kinywani, na yule kijana, katika kuhangaika kwake, akaviuma hadi mfupa. Pamba hakuvitoa. Alichimba, akalaani, akachimba, mpaka akaivuta ile kinga na kuitupa. Kiroboto alivuta pumzi kwa mkoromo. Ndipo Pamba akalala kando yake, na damu zao zikachanganyika pale chini hata usijue ya nani ni ipi.

Dada Giza alibaki amesimama, kamera inaning'inia mkononi. Polisi walipoingia na virungu hakuwa amesogea.

Pamba alipoteza jicho. Mahakamani mwendesha mashtaka alimuuliza kama yule mwanamke alimpiga kwa makusudi.

"Alikusudia kabisa," alisema Pamba. "Ila mtu aliyemkusudia si mimi."

Hakimu alimpa Dada Giza kifungo cha mwaka mmoja na nusu. Huko ndani nako alipigwa, kwa sababu alikataa kumpisha mtu kitanda, na akapiga, akapelekwa chumba cha peke yake. Kiroboto alikuwa akienda kumwona. Alikuwa mzima, lakini maneno yalimtoka nusu nusu na kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili. Hakupigana tena.

Dada Giza alipotoka gerezani, polisi walimrudishia kamera ndani ya mfuko wa nailoni, kwa kuwa ilikuwa kielelezo na kesi ilikwisha. Aliiweka mezani studioni, akaitazama muda mrefu. Kwenye mshono wa mabati kulikuwa na damu iliyokauka na nywele mbili fupi za nyusi. Alizitoa kwa mswaki. Alivuta kijiti, akabonyeza.

Kra.

Ilikuwa nzima. Pembe moja imebonyea, basi. Mdogo wake anasema hapo ndipo alipomwona dada yake akilia kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mama, na kwamba alilia kwa hasira.

"Mtu hana jicho," alisema, "na hii mbwa haina hata mkwaruzo kwenye lenzi!"

Kesho yake aliibeba hadi kibanda cha Pamba. Mke wa Pamba ndiye aliyemwona kwanza. Alitoka na mwiko wa moto kutoka jikoni, akamtandika nao mabegani, shingoni, mgongoni, huku akimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Dada Giza hakukinga hata uso. Mwiko ulikatika.

"Umemaliza?" Pamba aliuliza kutoka ndani, kitambaa juu ya jicho.

"Bado!"

"Basi pumzika kidogo, tumsikie."

Dada Giza aliweka kamera juu ya chuma cha kugongea viatu, mbele ya yule mzee. "Ivunje, kaka," alisema. "Mimi nimeshindwa."

Pamba alichukua nyundo. Jicho moja halipimi umbali vizuri. Pigo la kwanza lilikipata kidole gumba chake mwenyewe, na ukucha ukagawanyika. Mkewe aliziba mdomo kwa mkono. Pigo la pili liliipata kamera juu, likaacha shimo. La tatu pia. Kisha akashusha nyundo.

"Haina utamu," alisema. "Kitu hakisikii maumivu. Chukua uende nacho."

"Nikifanyie nini?"

"Mimi nitajuaje? Kwani mimi mpiga picha?" Alikuwa anafyonza damu kwenye kidole. "Sijakusamehe, usije ukadhani. Nenda."

Tulimkosa Dada Giza ukumbini muda mrefu. Kijana mmoja wa kamera za dijitali alimwazima yake, akaenda nayo kwenye pambano la mtaa mwingine. Dada Giza aliirudisha wiki iliyofuata akasema picha zilitoka nzuri, lakini hakumbuki kumwona bondia yeyote. Kisha alitafuta fundi saa aliyenyoosha bati la juu la ile kamera yake ya chuma, akatoa vumbi la kioo kwenye dirisha la kutazamia. Siku aliyorejea pembeni mwa ulingo, na kamera ile ya chuma shingoni, watu walimwachia nafasi kubwa kuliko zamani. Wengine walifanya hivyo kwa heshima, wengine, tuseme ukweli, kwa woga.

Pamba alikuwepo, ng'ambo ya ulingo, sasa akiwa kocha, kwa sababu kidonda huwezi kukitibu kwa jicho moja. Dada Giza aliinua kamera kuelekea kona ile. Pamba akanyoosha kidole.

"We mama! Wapige wote unaowataka. Mimi ulishanipiga."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, kile cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Yeye hakucheka. Alishusha kamera, akaitikia kwa kichwa, na tangu siku hiyo hana picha hata moja ya kona nyekundu.

Siku hiyo pambano lilikuwa baya. Mabondia wote wawili walichanika, na mara mbili alilazimika kufuta damu kwenye lenzi kwa upindo wa blauzi. Lilipokwisha alitoka nje. Kiroboto huwa hapendi kuingia. Hukaa kwenye ngazi, mgongo ukutani, akimsubiri dada yake wapande basi pamoja.

"Nani ka... kashinda?" aliuliza.

"Ngoja nisafishe picha, utaona."

"Sitaki picha, dada. Wametoka kwa mi... miguu yao?"

"Wametoka."

"Wote wawili?"

"Wote wawili," alisema, akampa mkono, akamwinua.