Mapera Mbele ya Duka la Dawa

Saa mbili kasoro robo asubuhi, duka la dawa bado limefungwa, lakini barazani pake kazi imekwisha kuanza. Mwanamke aliyevaa aproni ya buluu anafuta kisu kwa kitambaa cheupe, anakiinua usawa wa macho, kisha anakifuta tena. Mbele yake ipo meza ya mbao yenye mapera na machungwa. Mapera ya kuliwa leo yako kushoto, ya kesho kulia. Hakuna hata moja lililokatwa.

Mteja wa kwanza ni dereva wa teksi, naye ana haraka.

"Mama, si ungekata kabisa ukatia kwenye vikopo? Mtu anapita, anabeba, anakwenda zake."

"Nikukatie wewe uliyekuwa bado unakoroma?"

"Sasa mimi nachelewa."

"Umechelewa kuamka, usinisingizie mimi. Shika nusu hii, tafuna. Nusu ya pili inakuja."

Dereva anacheka huku shavu limemjaa. Ni kwa sababu ya ubishi huu kwamba mtaa mzima unamwita Mama Papo Hapo.

Ana umri wa miaka arobaini na saba, na miaka tisa kati ya hiyo ameitumia kwenye baraza hili. Kwa siku nzuri huuza mapera sitini na machungwa arobaini. Maji ya kuoshea matunda na kisu huyateka kwenye bomba lililo mwisho wa mtaa, hatua mia tatu kwenda na mia tatu kurudi, ndoo tatu kila siku. Bega lake la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto, na yeye hulitania kuwa ndilo "mfanyakazi asiyelipwa."

"Vitamini C haina subira," anaeleza. "Ukikata tunda ukaliacha wazi, hewa na joto vinaanza kula kabla ya mteja. Mimi nimekuja kumlisha mtu, sijaja kulisha upepo."

Aliacha shule akiwa darasa la sita. Elimu yake ya vitamini aliipata mahali ambapo wengi wetu hatutazami, yaani kwenye maboksi matupu. Duka la dawa lilikuwa likimpa maboksi ya vidonge vya vitamini ili apangie matunda, na ndani yake mara nyingi hubaki vikaratasi vya maelezo. Wakati wa mchana, wateja wakipungua, alivisoma kimoja baada ya kingine, neno asilolijua akamuuliza mpita njia.

Hivyo ndivyo alivyojua kuwa pera moja kwa kawaida huwa na vitamini C nyingi kuliko chungwa. Na alipojua, hakunyamaza.

"Nilikuwa napiga kelele kama nimeajiriwa na mapera," anakiri. "Mtu akitoka dukani, namwambia, 'Umenunua kidonge chenye ladha ya tunda, na tunda lenyewe liko hapa!'"

Mfamasia mwenye duka, mwanamke aliyemzidi elimu lakini mdogo kwake kwa umri, alivumilia kwa muda. Siku moja alitoka nje, akasimama mbele ya meza.

"Dada, baraza hili ni langu. Uza matunda, usitibu watu. Nikisikia umemshauri mtu kuhusu dawa zake, unahamisha meza siku hiyo hiyo."

Mama Papo Hapo aliitikia, lakini moyoni alijiona anaonewa wivu. Kwa mjane anayesomesha watoto wawili kwa meza moja, kuhamishwa mahali hapo kungekuwa sawa na kuanza maisha upya.

Miaka miwili iliyopita, fundi cherehani wa duka la tatu kutoka hapo, akiwa na mimba ya miezi mitano, alikuja na bahasha ndogo ya dawa mkononi. Alilalamika kuwa vidonge vilivyomo vinamchafua tumbo. Juu ya bahasha yaliandikwa maneno matatu tu: kimoja kwa siku.

Mama Papo Hapo alidhani ni vitamini. Alitazama huku na huku, akashusha sauti.

"Hivyo achana navyo, mwanangu. Kula mapera mawili kila siku, utaona."

Fundi alikula mapera mawili kila siku, kwa utiifu. Wiki ya tano akaanguka juu ya cherehani yake. Mama Papo Hapo alikuwa mmoja wa waliombeba hadi kituo cha afya, na alikuwepo wakati muuguzi alipouliza kuhusu vidonge vya kuongeza damu. Fundi alijibu kwamba aliviacha. Hakusema ni nani aliyemshauri.

"Aliniangalia, kisha akaangalia ukutani," anasema Mama Papo Hapo, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo kisu chake kinatulia. "Angenitaja, ningejitetea. Hakunitaja, nikakosa pa kujificha."

Kesho yake hakupanga matunda. Aliikunja meza, akaiegemeza ukutani, akaingia dukani.

"Nimekuja kuondoa meza," alimwambia mfamasia. "Lakini kwanza nikwambie kwa nini."

Mfamasia alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Bahasha uliiona?"

"Niliiona."

"Iliandikwaje?"

"Kimoja kwa siku."

"Na jina la dawa?"

"Halikuwepo."

Mfamasia alivuta droo, akatoa rundo la bahasha alizokwisha kuziandika. Zote zilisema hivyo hivyo. Akazipindua mezani, moja baada ya nyingine.

"Dada," alisema hatimaye, "kapange mapera yako."

Leo mfamasia hasiti kulisimulia jambo hilo. "Angeweza kunyamaza, na mimi ningeendelea kuandika vile vile. Kosa lilianzia mkononi mwangu, likamalizikia mdomoni mwake." Sasa kila bahasha itokayo dukani hapo ina jina la dawa na kazi yake, kwa herufi kubwa.

Fundi alipona, akajifungua salama mtoto wa kike. Mama Papo Hapo na mfamasia nao wakaanza kufanya kazi kwa namna mpya. Anayepewa vidonge vya kuongeza damu huelekezwa na mfamasia ale na tunda, kwa kuwa vitamini C huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Naye anayefika mezani akilalamika kuwa tunda linamchoma tumbo, au anayemung'unya vidonge vya vitamini kama pipi, Mama Papo Hapo humwonyesha mlango wa duka.

"Kisu changu kinaishia kwenye tunda," anasema. "Kidonge cha mtu sikigusi, hata anibembeleze."

Mwezi ujao duka linahamia jengo jipya ng'ambo ya barabara. Majirani walimpa pole mapema, wakiamini kuwa baraza jipya la vigae halitapokea meza ya mbao. Yeye mwenyewe hakuuliza. Wiki iliyopita alimwona fundi bomba akichora alama ya chaki kwenye ukuta wa nje wa jengo hilo, akavuka barabara kwenda kutazama.

"Hapa pana nini?"

"Bomba la nje. Mwenye duka kasema ni la mama wa mapera."

Aliitazama alama ya chaki, kisha akamwamuru alishushe kidogo, ndoo isirushe maji kwenye matunda.

Ana mpango wa kuongeza meza ya pili, aketi hapo mpwa wake wa kike ambaye tayari anamfundisha kupanga mapera ya leo na ya kesho. "Watu wamenisifu sana mwaka huu," anasema, akilikanda bega lake. "Sifa hazinitekei maji. Bomba litanitekea."

Milango ya duka inafunguliwa. Kutoka ndani, sauti ya mfamasia inaita, "Dada, nikatie langu, nakuja!"

Mama Papo Hapo analichagua pera la upande wa kushoto, analiosha, analiweka juu ya ubao. Kisu hakigusi.

"Njoo kwanza."