Shati la Salfa

Kaka yangu alikuwa na shati moja la kupulizia mikorosho. Lilikuwa la kaki, la mikono mirefu, na makazi yake yalikuwa kwenye msumari nyuma ya jiko. Kila nyumba ya kijiji chetu, pembezoni mwa Newala, ilikuwa na shati la namna hiyo. Tuliliita shati la salfa. Lilivaliwa msimu mzima, tangu mikorosho ianze kuchanua hadi maua yageuke korosho changa, na halikufuliwa hata mara moja. Jioni unalikung'uta, vumbi la njano linaruka, unalitundika. Lilisubiri mvua za kwanza zijaze mapipa.

Hatukuwa wachafu. Kwetu juu maji yalifuatwa bondeni, wanawake wakapanda nayo kichwani, na kila ndoo ilikuwa imeshapangiwa kazi kabla haijatuliwa: kupikia, kunywa, kuwanawisha nyuso watoto wa shule. Kufua nguo itakayochafuka tena kesho yake kulikuwa kumdharau aliyepanda mlima.

Salfa ilivumilia utaratibu huo. Iliwasha macho, ilikohoza, basi. Tuliizoea tangu ilipokuwa ikiletwa na ushirika. Kisha biashara ikafunguliwa. Watu binafsi wakaruhusiwa kununua korosho na kuuza pembejeo, na pamoja na salfa wakaleta dawa ya maji ya kuua wadudu wanaofyonza machipukizi. Nyingine ilikuja kwenye makopo yake yenye maandishi, nyingine ilimiminwa sokoni kwenye chupa za soda. Ya kaka yangu ilikuwa ya chupa ya soda, imezibwa kwa kipande cha gunzi, na ilinuka kama kitunguu saumu kilichooza. Aliyemuuzia alimwambia aichanganye na maji na asisimame upande upepo unakoelekea. Kuhusu nguo hakusema kitu, na kaka hakuuliza.

Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi kule chini, Lisekese karibu na Masasi, na nilikuwa nimepanda nyumbani kwa likizo. Siku ya nne ya kupuliza, kabla ya saa tano asubuhi, nilimwona kaka anarudi kutoka shambani akiyumba. Majirani wawili waliokuwa barazani walimcheka.

"Bwana wee, mabibo hayajaiva na wewe umeshalewa?"

"Atakuwa na pipa la pombe ya mwaka jana huyu. Mbaneni aseme kalificha wapi!"

Kaka alifungua mdomo awajibu, mate yakamtoka mengi, yakamchuruzika hadi kifuani. Kicheko kikakatika. Alikuwa amelowa jasho wakati upepo ulikuwa wa baridi, na misuli ya mashavu yake ilikuwa inachezacheza yenyewe. Wifi yangu, mkewe, alimfuta kwa kanga, akamfuta tena, mate hayakwisha. Tulimpakia kwenye gari dogo la mizigo lililokuwa linashuka Masasi. Mimi nilikumbuka kuichukua ile chupa.

Daktari aliyetupokea hospitalini alikuwa mtu mzima mwenye sauti ndogo. Alimmulika kaka machoni kwa tochi. Mboni zilikuwa zimesinyaa kama tundu la sindano. Nilimpa chupa, akanusa kizibo, akakirudisha haraka.

"Mvueni kila kitu. Mwogesheni kwa sabuni, hadi nywele. Sasa hivi."

Tulimwogesha kwenye sakafu ya saruji kwa maji ya bomba la uani. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wifi alikuwa anayatazama yanavyoingia mferejini.

"Yote haya kwa mtu mmoja," alisema polepole.

Kisha daktari alimtoa damu, akaanza kumchoma sindano za atropini, moja baada ya nyingine, kila mara akimmulika macho. Alipopata nafasi ya kupumua alinieleza, kwa sababu nilikuwa nimemuuliza maswali matatu kwa mpigo.

"Wewe mwalimu, fikiria ubao. Neva inaandika amri, msuli unaisoma, unafanya kazi. Kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kufuta. Kikishafuta, msuli unapumzika. Sumu hii imekikamata kimeng'enya hicho. Hakuna kifutio. Amri zinaandikwa juu ya amri."

"Na sindano inarudisha kifutio?"

"Hapana. Sindano inawaziba macho baadhi ya wasomaji tu, mate na makohozi yapungue, asizame nayo. Ipo dawa ya kukikomboa kimeng'enya chenyewe, hapa hatuna. Mwili utatengeneza kipya, taratibu. Muhimu kisije kikakamatwa tena." Ile damu, alisema, itakwenda na gari kwenye maabara kubwa pwani, wapime kimebaki kiasi gani. "Majibu yatachelewa. Mimi natibu kwa macho yangu."

Muuguzi alitaka kichwa cha mgonjwa kiinuliwe kidogo. Kitanda hakikuwa na mto. Nilizichukua nguo tulizomvua, nikazikunja vizuri, suruali chini, shati juu, nikazifunga ndani ya kanga, nikaliweka furushi chini ya kichwa chake. Nakumbuka nilivyolipigapiga likae sawa.

Alasiri mboni zilikuwa zimefunguka. Mate yalikauka kabisa.

"Shikamoo kaka," nilimwambia.

"Marahaba. Kinywa changu kimekuwa kisima chetu cha Agosti." Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Nendeni mkawaambie wale wa barazani, mlevi anaomba maji."

Wifi alicheka hadi akalia. Mimi nilikaa pembeni nikaandika kwenye daftari saa ya kila sindano, kwa mazoea yangu tu.

Kesho yake asubuhi mboni zilikuwa zimesinyaa tena. Jasho lilirudi, mate yalirudi. Daktari alichoma, zikafunguka, alasiri zikasinyaa. Siku ya tatu ikawa hivyohivyo, na kaka alikuwa hawezi tena kuinua shingo. Daktari alitoa damu mara ya pili. Alisimama kando ya kitanda, mikono kiunoni, kama mtu anayehesabu kitu kisichotimia.

"Hii haieleweki. Alitakiwa awe anapata nafuu."

Aliinama kusikiliza kifua. Akabaki ameinama. Akanusa.

"Harufu hii inatoka wapi?"

Alivuta furushi, akafungua fundo la kanga. Shati lilikuwa bado na unyevunyevu kwenye kola. Wifi alinitazama, kisha akaangalia dirishani.

"Nimeliweka mimi," nilisema.

Daktari hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Alisema, "Mwalimu, sumu hii hupita kwenye ngozi. Lipelekeni mbali likafukiwe," akaagiza kaka aogeshwe upya, kisogo na shingo kwanza. Kisha alikwenda kuangalia kabati la dawa, na nilimwona akirudi na visanduku viwili vidogo tu mkononi. Nilizunguka Masasi nzima na karatasi yake, kila duka la dawa lililofunguliwa miaka ile. Walikuwa na vidonge vya kila rangi, dawa za kikohozi, mafuta ya kung'arisha ngozi. Atropini hawakuwa nayo.

Kaka alifariki siku ya nne, adhuhuri, mboni zikiwa wazi kama za mtu mzima wa afya. Misuli ya kupumua ilikuwa imechoka. Daktari alisema kwa hilo sindano haisaidii.

Tulimzika kwetu. Arobaini ilikuwa imekwishapita daktari aliponitumia salamu shuleni kwamba majibu yamefika. Yalikuwa karatasi moja yenye mistari miwili iliyopigwa taipu: damu ya siku ya kwanza, damu ya siku ya tatu, mbele ya kila moja kiwango cha kimeng'enya. Cha kwanza kilikuwa chini. Cha pili kilikuwa chini zaidi ya cha kwanza. Nilimuuliza daktari kama kuna namna nyingine ya kuusoma mstari ule. Alivua miwani, akaifuta kwa koti, akasema hakuna.

Nilipanda nayo Newala Jumamosi. Wifi alikuwa nyuma ya jiko. Msumari ulikuwa mtupu. Hakujua kusoma, lakini alinyoosha mkono, akaipokea karatasi, akaitazama kwa muda.

"Inasema nini, wifi?"

"Inasema ni dawa ya mikorosho. Sumu ilikuwa imemkamata tangu shambani."

Aliweka kidole kwenye karatasi.

"Huo ni mstari wa juu. Na huu wa chini?"

Nilikuwa nimeyaandaa maneno mengine njia nzima. Nikausoma kama ulivyo, nikamweleza maana yake, siku ipi na siku ipi.

Aliondoa kidole kwenye karatasi. Kisha alisema, "Siku ya tatu ya kupuliza, kabla hajaugua, alinambia shati linanuka, nilifue. Kulikuwa na ndoo moja. Nikamwambia avumilie, mvua zitakuja."

Alinirudishia karatasi, akakunja kanga ikawa kata, akaiweka kichwani na ndoo juu yake. Nilimuuliza kama twende wote. Alisema nibaki na watoto, akashuka bondeni peke yake.