Maoni Niliyomsomea Baba

Harufu ya gari lile ilikuwa ya ngozi kuukuu, tumbaku ya kiko, na zile pipi nyeusi za chumvi ambazo Waswidi huzila tangu utotoni na ambazo sisi wengine huzitema mara ya kwanza. Ukiwasha hita, harufu zote tatu ziliamka pamoja na vumbi lililoungua, na kabla hamjatoka Norsborg, mtaani kwetu, mlikuwa mmeshavua kofia na glovu. Lilikuwa gari la Kimarekani, rangi ya maharage mekundu, refu kiasi kwamba kwenye maegesho ya jengo letu mkia wake ulitokeza nje ya mstari na majirani wakalalamika. Jina la kampuni iliyolitengeneza sitalitaja. Wapo wanaoipenda hadi leo, na lililotupata sisi halikuwa la gari peke yake.

Ninasimulia majira ya baridi ya mwaka mmoja tu, yale ambayo nilitimiza miaka kumi na mmoja. Mdogo wangu Gwamaka alikuwa na sita, na alizaliwa na sikoseli. Watu wengi wanaujua ugonjwa huo kwa jina tu; sisi tuliujua kwa sauti. Damu ikikwama kwenye mishipa mtoto halii kama watoto wengine. Anatoa mlio mwembamba, wa chini, kama mtu anayejaribu kutosikika. Adui yake mkubwa alikuwa baridi, na sisi tulikuwa tumehamia nyumbani kwa baridi. Kila miadi ya hospitali ilianzia kwenye kituo cha basi, upepo ukipita katikati ya majengo kana kwamba umeelekezwa kwetu, mama akiwa amemfunika Gwamaka kwa kitenge juu ya koti na koti lake mwenyewe juu ya kitenge. Mara mbili katika mwezi mmoja tulimpeleka kupimwa tu, mtoto akiwa mzima, na njiani akashikwa na maumivu kwa sababu ya kulisubiri basi. Mara ya pili mama aliketi kwenye theluji pale kituoni, akampakata, akasema kwa Kinyakyusa maneno ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema kwa Mungu.

Ndipo baba akaanza kuzungumzia gari. Baba alikuwa akiosha mabasi kwenye karakana, kazi ya maji na sabuni katika nchi ya barafu, na mikono yake ilipasuka kama udongo wa kiangazi. Hakuwa mtu wa kuota mchana. Lakini kampuni ile ya Kimarekani alikuwa nayo moyoni tangu utoto wake Tukuyu, kwa sababu babu aliendesha lori la kampuni hiyo, akibeba chai na kahawa kushuka milima ya Rungwe, na lori lile, kama alivyosema baba, lilikataa kufa. Historia ya kampuni aliijua kama wengine wanavyojua ukoo wa Daudi: mwanzilishi alikuwa mtoto wa mkulima aliyechonga magurudumu ya mikokoteni, akatengeneza injini ya kwanza kwenye banda la ng'ombe, vita vikaja, wakaunda malori ya jeshi, wakatajirika, wakafilisika, wakanunuliwa, wakainuka, wakafilisika tena na kuinuka tena. "Kampuni iliyokufa mara mbili na kufufuka mara mbili," baba alimwambia mama huku akila ugali, "itatuangusha sisi?" Mama alijibu kwamba yeye hataki gari lenye historia, anataka gari lenye joto.

Gari lenyewe lilikuwa kitongoji cha Jakobsberg, kwa mzee mmoja wa Kiswidi mwenye masharubu ya njano aliyekuwa na magari ya Kimarekani matatu uani na upendo kwa yote. Alituwashia hita, akatukaribisha tuketi ndani. Gwamaka alijilaza kiti cha nyuma, akanyoosha miguu yake yote, akauliza kwa Kiswidi kama hapa ndipo tutakapokuwa tunakaa. Baba aligeuka kutazama dirishani. Nilijua anaficha macho.

Hata hivyo hakununua siku ile. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, Bwana Ssali, Mganda aliyewahi kuwa na gari kama hilo, alimpa maoni yake pale kwenye ngazi. "Hilo gari, rafiki yangu, likipenda linakwenda. Lisipopenda, linazima, na hakuna wa kuliuliza." Baba alicheka, lakini neno lilimwingia. Jumamosi akanishika mkono tukaenda maktaba, kwenye kompyuta za bure. "Ssali ni mtu mmoja," alisema. "Kuuliza si ujinga. Tafuta wenye magari haya wengine wanasema nini, unisomee." Kiswidi cha kuzungumza baba alikuwa nacho, cha karakana, cha kucheka na wenzake. Cha kusoma kilimshinda. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kuruka jiwe hadi jiwe, na katikati alianguka.

Nililipata jukwaa la mtandaoni la wenye magari hayo. Maoni yalikuwa mengi. Mtu wa kaskazini, anakovuna mbao, aliandika kwamba hita ya gari hilo ni kama sauna. Nikamsomea baba. Mwingine alisema amevuta boti yake na trela yake miaka yote bila shida, na viti ni vya sebuleni. Nikamsomea, baba akapiga paja. Kisha nikashuka chini zaidi. Mmoja alisema gari lake lilizima likiwa kwenye mwendo, bila taa yoyote ya onyo kuwaka. Wa pili alisema hivyohivyo, na kwamba hutokea zaidi kwenye baridi kali. Wa tatu alikuwa mwanamke. Alikaa kando ya barabara na mtoto mchanga mpaka vidole vikafa ganzi. Alimalizia kwa herufi kubwa: USINUNUE KAMA UNA MTOTO.

"Huyo mbona anapiga kelele?" baba aliuliza, akigusa kioo kwa kidole chake kilichopasuka. "Anasema nini?"

Nataka nieleze kilichokuwa kichwani mwangu, maana nimekuwa na miaka mingi ya kukichunguza. Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma kila karatasi iliyoingia nyumbani kwetu. Nilisoma barua iliyotunyima nyumba kubwa zaidi. Nilisoma barua iliyosema bibi hatapewa viza ya kuja kutusalimia. Kwa miaka miwili nilikuwa mdomo wa kila habari mbaya, na kila mara nilipofungua bahasha mama alianza kunitazama usoni kabla sijasema, kama mtu anayetazama wingu. Siku ile nilitaka, mara moja tu, nisome kitu kizuri. Na mbele yangu alikaa baba yangu, amevaa shati la kanisani ili aende maktaba.

"Anasema ni gari la familia," nilijibu.

"Kwa herufi kubwa?"

"Amefurahi sana, baba."

Jumatatu iliyofuata gari lilikuwa Norsborg. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kwa wiki tano tulilipenda. Tulikwenda hospitali na kurudi mtoto akiwa amelala, mashavu yamemtoka jasho. Mama alianza kuimba njiani. Alinisifu mezani mbele ya wanawake wa kanisa, akisema Sekela ndiye aliyesoma mpaka gari likapatikana, nami nikatazama sahani yangu. Kila asubuhi nililisikiliza likiwashwa, na lilipokubali nilipumua. Sikumwambia mtu. Nilijifariji kwamba wale watatu walikuwa na bahati mbaya tu, na kwamba sasa nimekwisha kusema, na lililosemwa limesemwa.

Mwezi wa pili ulileta baridi ambayo hata Waswidi waliizungumzia. Alasiri moja Gwamaka alirudi shule akisema kichwa kinamuuma, kisha miguu, kisha akaanza ule mlio wake mwembamba. Mama alipiga simu hospitali. Wakamwambia waite gari la wagonjwa au wamlete wenyewe, lolote lililo la haraka. "Gari tunalo," alisema baba, tayari ameshika funguo. Tulikuwa tumeshaingia barabara kuu na kukipita kitongoji cha Fittja pale injini ilipokata. Haikukohoa. Ilinyamaza tu, kama mtu aliyeondoka chumbani katikati ya mazungumzo. Baba aliliongoza gari hadi ukingoni kwa nguvu ya mwendo uliobaki. Akazungusha ufunguo. Akauzungusha tena. Hita ilikuwa imekufa pamoja na injini, na katika ukimya ule tukasikia malori yakitupita, kila moja likitikisa gari letu zima.

Baba alitoka, akafungua boneti, akasimama pale akitazama chuma asichokijua. Hakuwa babu, na lile halikuwa lori la Tukuyu. Joto liliondoka haraka kuliko nilivyodhani. Kwanza vioo viliota ukungu, kisha ukungu ukawa barafu kwa ndani. Mama alifungua koti lake, akamwingiza Gwamaka kifuani, akamwambia amshike mkono. "Nishike, baba'angu. Nishike kwa nguvu." Kisha akasema, kwa sauti ambayo sitaisahau, "Mbona hanishiki?"

Baba alikuwa amekwisha kupiga simu ya dharura, lakini Kiswidi chake kilimkimbia. Alisema "mtoto, mtoto," na mengine yakawa Kiswahili. Alinipa simu kupitia dirishani. "Waambie wewe. Waambie yote, usiache kitu." Nikawaambia yote: ugonjwa, barabara, kibao tulichokipita, mkono wa kushoto usioshika. Mwanamke wa upande wa pili alisema mimi ni hodari. Nilitaka kumwambia anyamaze.

Gari la wagonjwa lilifika. Sijui lilichukua muda gani, maana magari yalikuwa yamesongamana na theluji imeanza, na mimi nilikuwa nahesabu pumzi za mdogo wangu na kila mara nikipoteza hesabu. Hospitalini walitueleza kwamba ni kiharusi. Watoto wenye sikoseli hukipata wakati mwingine. Mama aliuliza kama ni ile baridi ya barabarani, kama ni kule kuchelewa, na mimi nilikuwa ndiye mkalimani kwa sababu mkalimani aliyeagizwa hakuwa amefika. Daktari alisema huenda kilianza nyumbani, huenda njiani, na kwamba dakika zina thamani yake lakini hakuna anayeweza kusema zile zetu zilikuwa na thamani gani. Nilitafsiri neno kwa neno. Sikuacha kitu.

Siku ya tatu nilimwambia baba. Tulikuwa kwenye ujia wa hospitali, karibu na mashine ya kahawa. Nilimwambia kuhusu yule mwanamke na herufi zake kubwa, na wale wawili waliomtangulia. Hakunigombeza. Alisema polepole, "Wewe una miaka kumi na mmoja. Mimi nina arobaini na mbili. Ni nani kati yetu aliyepaswa kusoma?" Akaanza kulia, na kilio chake kikaniumiza kuliko fimbo yoyote, kwa sababu nilikuja kuungama nikajikuta nimemvua nguo baba yangu hadharani. Mama alisikia kutoka mlangoni. Tangu siku ile hakunipa tena barua nimsomee. Alijiandikisha darasa la Kiswidi, akabeba kamusi kwenye mkoba kama Biblia, na bahasha zikija alizifungua peke yake chumbani, amefunga mlango.

Kabla masika ya Kiswidi hayajaingia, baba alinirudisha maktaba. Alitaka naye atoe maoni, kwa kuwa alikuwa mwenye gari. Alinitamkia kwa Kiswahili, nami nikaandika kwa Kiswidi: gari hili lina viti vizuri, lina joto kuliko nyumba yetu, lilituhudumia wiki tano, lilizima barabarani mwanangu akiwa mgonjwa, sasa mkono wake haufanyi kazi, mimi sikujua, na ambaye hajui aulize watu wawili. Aliniambia nimsomee tena kwa Kiswidi, akafuata kila neno kwa kidole. Wiki iliyofuata mtu mmoja alijibu. Aliuliza kama tunauza milango ya lile gari.

Sasa mimi ni mama, ninaishi Upplands Väsby, na simu ya mfukoni inasoma Kiswidi kwa sauti kumsomea mzee yeyote anayeihitaji. Wanangu hawajawahi kunisomea barua. Mimi ndiye ninayewasomea, nao hunijibu kwa Kiswidi kwamba wanajua. Kampuni ile imeuzwa tena na kuinuka tena, na baba, ambaye amestaafu, alipoisikia habari hiyo redioni alibadilisha stesheni. Dawa za sikoseli ni bora kuliko zamani, lakini kila baridi Gwamaka hulazwa, na kila baridi ninalala na simu imewashwa. Ni mtu mzima, ana kazi, ana mzaha mwingi. Niliwahi kumwambia nilichokifanya, akaniambia yeye anakumbuka tu kwamba gari lile lilikuwa na joto, na kwamba mama aliimba. Alisema hivyo ili kunipa amani, nami nilimshukuru. Kisha akainama mlangoni kwangu kufunga viatu kwa mkono wake mmoja, kamba moja ameibana kwa kifundo cha mkono usioshika, na mimi, kama ninavyofanya kila anapoondoka, nikaingia jikoni nisimwone, nikafungua maji ya bomba mpaka amalize.